Kadi za "hiki kiti"

Idara yetu ya isimu iliwahi kufanya jaribio la darasani kuhusu namna msemaji anavyochagua maneno ya kirai, yaani fungu la maneno kama "kiti chekundu", kabla hajafungua kinywa. Mimi nilipewa kipaza sauti na kadi za picha za kuonyesha kwenye skrini.

Tuliazima wazo kutoka Uholanzi. Mwaka 1993 mtafiti wa lugha Herbert Schriefers aliwaonyesha wasemaji wa Kiholanzi picha zilizoandikwa neno jingine juu yake. Nomino za lugha hiyo zina makundi mawili, la "de" na la "het", maneno yanayotangulia nomino. Neno lililoandikwa lilipokuwa la kundi tofauti na la picha, msemaji alichelewa kidogo kuanza kutamka kirai. Sisi tuna ngeli nyingi kuliko hizo, na kwa kawaida nomino yetu hutangulia sifa zake. Hapo ndipo mambo yanapobadilika.

Kuchagua picha kulitusumbua kuliko kurekodi. Rangi za msingi zinazobeba upatanisho moja kwa moja ni tatu tu: -ekundu, -eusi na -eupe. Kijani huja na kiunganishi, "kiti cha kijani", kwa hiyo kirai kinarefuka na ulinganisho unaharibika. Wanyama tuliwaondoa wote. Kifaru ana umbo la KI-VI lakini ni "kifaru mweusi", si "cheusi". Umbo linavuta huku, uhai unavuta kule.

Kila mshiriki alionyeshwa kwanza picha zote pamoja na majina yake, la sivyo huyu angesema "kiti", yule "stuli". Kisha alama ya msalaba ilikaa kwenye skrini nusu sekunde, ikafuata picha, naye aitaje pamoja na rangi yake. Kifaa cha kunasa mwanzo wa sauti tulikiacha mapema: kilishtuka kwa mdomo uliobanduka na kwa kila "aa", tena hukawia kunasa s kuliko b, hivyo "sahani" na "bakuli" haviwezi kupimwa kwa haki. Tulirekodi sauti yote, tukapima mawimbi yake kwa programu ya Praat.

Katika "kiti chekundu" washiriki walianza upesi, kisha irabu ya mwisho ya "kiti" ikavutwa, au pengo dogo likajitokeza kabla ya "chekundu". Nomino ilikuwa tayari. Sifa ilikuwa bado inatafutwa. Anayepima mwanzo wa sauti peke yake hapati habari hii hata kidogo, nami naona hilo ndilo la kuzingatia kuliko yote kwa anayetaka kupima Kiswahili.

Mhadhiri akaomba tugeuze mpangilio: "hiki kiti" badala ya "kiti hiki". Maneno ni yale yale mawili, lakini sasa huwezi kutamka hata silabi ya kwanza kabla hujaijua ngeli, na ngeli huijui mpaka umeipata nomino. Kusita kukahamia mwanzoni. Tukasikia "hii... hiki kisu", "huu... hili embe". Tulipowapa "kila kiti", "kila embe", kigugumizi hicho kilitoweka, kwa sababu "kila" halibadiliki: linatamkwa huku nomino ikiendelea kutafutwa.

Kosa jingine lilitokana na mfuatano wa kadi. Baada ya kiti, kisu na kikombe, mtu aliyeona kalamu alisema "kalamu chekundu", akajisahihisha papo hapo. Kiambishi cha kadi zilizopita kilikuwa bado moto. Tuliwachanganyia upya, kadi mbili za ngeli moja zisifuatane.

Mshiriki mmoja aliyekulia Nairobi alisema "hii kiti", "hii embe", "hii mlango" bila kusita popote. Wenzetu wawili walitaka yahesabiwe makosa. Mhadhiri alikataa, na alikuwa na haki: katika Kiswahili anachozungumza kijana yule, "hii" haidai ngeli, inafanya kazi kama "kila". Rekodi zake tulizichambua kando, kwa kundi lake.