Siku moja gereji: Corolla inayosaga gia ya rivasi

Saa 1:30 asubuhi

Corolla ya 1996 imelala nje ya gereji hapa Gerezani tangu jana jioni. Mashine 4A-FE, gia za mkono. Mwenye gari kaacha ujumbe mfupi: "Giaboksi imekufa, rivasi inasaga." Gia za mbele zinaingia, ingawa namba moja inagoma kidogo asubuhi. Hilo la namba moja ndilo la kushika, kwa sababu giaboksi iliyokufa rivasi peke yake isingesumbua namba moja.

Kwanza tujue kwa nini kelele inatoka rivasi kabla ya kwingine. Kwenye giaboksi hizi za zamani gia za mbele zina sinkronaiza, yaani pete za shaba zinazosawazisha mwendo kabla meno hayajakutana. Rivasi haina. Ina gia ndogo ya katikati yenye meno yaliyonyooka, inasukumwa ikakae kati ya shafti mbili. Gari ikiwa imesimama, shafti ya upande wa matairi imetulia. Ile ya upande wa klachi nayo lazima itulie. Klachi isipoachia sawasawa, shafti hiyo inaendelea kuzungushwa na injini, na meno yanagongana: krrrr.

Saa 2:15

Majaribio matano, hakuna spana iliyoshikwa bado.

Injini imezimwa: rivasi inaingia laini. Basi waya za gia na fimbo yake ni nzima.

Injini inawaka, klachi imekanyagwa hadi chini, rivasi papo hapo: inasaga. Gari yoyote ya zamani inaweza kufanya hivyo, maana shafti inahitaji sekunde kadhaa kupoteza mwendo.

Klachi chini, hesabu hadi kumi, ndipo rivasi: bado inasaga. Hapa shaka inakwisha. Baada ya sekunde kumi shafti ilipaswa kuwa imesimama. Kama inazunguka, kuna kinachoizungusha.

Klachi chini, ingiza namba tatu, toa, peleka rivasi bila kuachia pedali: inalia kidogo tu. Sinkronaiza ya namba tatu imeisimamisha shafti kwa muda, klachi ikaanza kuizungusha tena.

La mwisho: pampu pedali mara mbili za haraka, ya tatu shikilia. Rivasi imeingia kimya kabisa. Pedali inayopata nguvu kwa kupampu inaelekeza kwenye mafuta ya klachi: upepo ndani, au masta, yaani silinda inayosukuma mafuta hayo (moja juu kwenye pedali, moja chini kwenye giaboksi), inavujisha.

Wapo wanaoshusha giaboksi kabla ya kujaribu hata moja kati ya haya. Kushusha kunalipa vizuri, lakini ugonjwa unarudi na gari ile ile.

Saa 3:00

Kikopo cha mafuta ya klachi kiko chini ya alama, na mafuta yamekuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Masta ya juu, ukiingiza kidole pale fimbo ya pedali inapoingilia, ni kavu. Mpira wa bomba haujavimba dogo akikanyaga. Masta ya chini, ile iliyofungwa kwenye giaboksi: funua raba ya vumbi, mafuta yanachuruzika.

Rula ikawekwa kwenye fimbo ya masta ya chini. Dogo anakanyaga hadi chini, fimbo inatembea milimita 7. Andika namba hiyo kwa chaki, tutaihitaji baadaye.

Saa 4:00

Masta ya chini inatoka kwa boliti mbili za spana 12 na nati ya bomba ya spana 10. Kwa nati ya bomba tumia spana ya bomba, ile inayoshika pande nyingi, la sivyo kona zake zinalika halafu unanunua na bomba.

Ndani, raba zimelika na ukuta wa silinda una vishimo vya kutu. Mafuta ya klachi ni yale yale ya breki, nayo hunyonya unyevu wa hewa, na Dar unyevu haukosi. Ukuta ungekuwa laini, raba mpya zingetosha. Ukiwa na vishimo, raba mpya zitakatwa tena baada ya muda mfupi. Nunua masta nzima.

Nenda Kariakoo na ile ya zamani mkononi. Angalia upana wa silinda, mara nyingi umeandikwa kwenye mwili wake kwa sehemu za inchi. Ukiuziwa pana zaidi, itaingia vizuri kwenye boliti zile zile, lakini mafuta yale yale yatasukuma fimbo kwa umbali mfupi zaidi. Klachi haitaachia, rivasi itasaga, na utalaumu giaboksi isiyo na kosa.

Saa 6:00 mchana

Kutoa upepo. Nusu lita ya mafuta ya breki DOT 3 inatosha kusafisha mfumo wote na kubaki. Mpira mwembamba kwenye nipeli ya masta ya chini, ile ya kutolea upepo, ncha nyingine ndani ya chupa yenye mafuta kidogo.

"Kanyaga! Shikilia!" Fungua nipeli, funga. "Achia!" Rudia hadi yatoke masafi bila mapovu. Kikopo cha juu kisikauke hata mara moja, kikikauka mnaanza upya. Mafuta haya yanakula rangi ya gari. Yakidondoka, mwaga maji hapo hapo. Raba zake zisioshwe kwa petroli wala dizeli, na usijaze oili ya aina nyingine: zinavimba.

Rula tena: milimita 13.

Pedali nayo inapimwa. Iache na mchezo wa milimita 5 hadi 15 kabla haijaanza kusukuma. Ukiondoa mchezo wote ukidhani klachi itaachia zaidi, masta ya juu hairudi mwisho, presha inabaki, na pleti ya klachi inaanza kuteleza na kuungua.

Saa 8:00

Oili ya gia. Fungua boliti ya kujazia kwanza, spana 24, ndipo ya kumwagia. Ya kujazia ikigoma baada ya kumwaga, gari imelala hapo. Kwenye sumaku ya boliti ya kumwagia kuna uji wa kijivu tu, ambao ni wa kawaida. Vipande vyenye kona vingekuwa meno ya rivasi. Lita 1.9 za 75W-90 GL-4, hadi usawa wa tundu la kujazia. Oili za daraja la GL-5 nyingine hazipatani na pete za shaba za sinkronaiza.

Saa 9:10

Pikapu imeingia na ugonjwa ule ule. Kapeti mbili zimepandana chini ya pedali ya klachi. Moja imetolewa, kazi imekwisha.

Saa 10:00 jioni

Corolla barabarani, nusu saa ndani ya foleni, kwa sababu joto ndilo linalofichua klachi mbovu. Rivasi mara kumi: kimya. Ingesaga bado na fimbo inatembea milimita 13, hapo ndipo giaboksi ingeshuka, kutafuta uma wa klachi uliopinda au kupasuka, pleti iliyopinda, au meno ya shafti yenye kutu yanayoishika pleti isiteleze.

Saa 11:15

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Mmeshusha?"

"Hapana mzee, ilikuwa masta ya chini. Ila gari isimame kabisa kabla ya rivasi. Kanyaga klachi, subiri sekunde tatu, gusa namba moja, ndipo urudi nyuma."

"Na ule mlio wa uuuu ikirudi?"

Huo ni wa meno yaliyonyooka, ulikuwepo tangu gari ikiwa mpya. Kikopo cha klachi kimebandikwa kipande cha tepu kwenye usawa wa mafuta wa leo. Jumatatu ijayo mafuta yakiwa chini ya tepu, gari inarudi.