Mimi ndiye nakulisha

Tangu Jumamosi neno la shemeji limenikaa rohoni. Mahari ya mdogo wetu imepokelewa Bahi, huku Dodoma, ng'ombe wamekabidhiwa, tarehe ya ndoa imepangwa, na mimi, mwalimu wa shule ya serikali, bado niko pale kwenye kunawa.

Binti wa dada anamimina maji kwa jagi, shemeji ameinamia beseni, povu la sabuni limeizunguka pete yake. Alikuwa ametoka kulalamikia ushuru wa mahindi Kibaigwa. Akaninyooshea kidole chenye povu: "Shemeji, mshahara wako si ndiyo kodi yangu? Mimi ndiye nakulisha." Watu wakacheka. Nikasema, "Ahsante, shemeji," nikasogea kunawa.

Ahsante ya nini? Usiku nilimjibu mpaka jogoo wakawika. Shemeji, kodi ya mshahara wangu inakatwa kabla sijaushika. Sabuni hiyo unayonawia ina asilimia 18 ya VAT ndani yake, na bibi anayeuza karanga stendi analipa hiyohiyo akiinunua. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mimi mpangaji wa Chang'ombe nanunua umeme, nakatwa kodi ya nyumba isiyo yangu. Na dereva wako anayesoma karatasi ya mzani, herufi alifundishwa na nani? Nikifika hapo narudi tena mwanzo, kwenye jagi.

Haki yake nampa. Mfanyabiashara wa mazao hana raha, geti hapa, geti pale, hata baada ya ushuru wa mazao ya chakula kushushwa hadi asilimia 2 mwaka 2017. Nami roho inaniuma magari makubwa yakipita kuelekea Mtumba, kwenye mji wa Serikali, wakati watoto wa shule yetu wanapanga foleni kwenye matundu machache ya choo. Anayeitumia kodi ya watu anapaswa kuwaonea haya waliolipa. Angesema hivyo ningemuunga mkono mbele ya wakwe wote. Yeye alisema ananilisha.

Lakini kuna jambo lilitokea jioni ile, na kadiri wiki inavyokwenda ndilo linalonijia zaidi.

Tulikuwa mkekani, shemeji anasema maisha bila mali hayana maana, mtu akikosa pesa hata wanawe hawamsikilizi. Hakuwa anatania tena. Mjomba, ambaye ujanani aliwahi kulala porini akiwakimbia mgambo wa kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa 2003, akamuuliza taratibu: "Mkwe wangu, ng'ombe zako zinalala wapi?"

"Sina ng'ombe, mjomba. Nina malori mawili na nyumba Ilazo."

"Vyote viko kwako?"

"Vyote."

Wasiotoka huku kwetu huenda wasielewe swali lile. Ng'ombe wa Mjomba walioko zizini kwake ni wachache. Wengine wako Chipanga, wengine Mpwayungu, kwa watu wanaowachunga, wanakunywa maziwa na kupeleka samadi shambani. Wagogo wameweka mali hivyo tangu zamani, maana ugonjwa ukiingia zizi moja, au mvua ikikataa upande mmoja, mtu habaki mikono mitupu. Babu alitusimulia hayo kila alipoitaja Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920. Na nyumba inayokunywa maziwa ya ng'ombe wako haiwezi kukusahau.

Shemeji alikaa kimya, kisha akauliza, "Na wasiporudisha?"

"Wengine hawarudishi," Mjomba akasema, akanywa chai yake.

Basi. Hakumtetea mtu. Ameibiwa, anajua aliyemwibia, na mwaka huu amepeleka mtamba mwingine Chipanga. Nafikiri kodi ninayoitaka ni ya namna hiyo: mali yangu ilale kwa mtoto nisiyemjua, na niwe na haki ya kwenda kuulizia hali yake. Nilimtazama shemeji akivunja vijiti vya mkeka kimoja kimoja, nikaona mtu aliyekua na njaa na bado anaiogopa. Hasira ikapungua. Haijaisha.

Jicho la kushoto la kitinda mimba wangu ni jekundu tangu Jumatatu, na asubuhi linaamka limegandana. Huenda ni vumbi tu la Agosti, lakini bibi yake wa Kongwa alipofuka kwa trakoma, kwa hiyo silali. Kesho nataka nimpeleke zahanati kabla ya kipindi cha kwanza, na bado sijaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu.