Ugonjwa wa wenye nafasi

"Mwanangu, sonona ni ugonjwa wa wenye nafasi. Sisi wengine tunachoka tu."

Mama wa masjala, nani mwingine, akiizungumzia sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka ambayo ni ugonjwa. Nikajibu, "Siyo hivyo, mama." Akacheka, akaondoka na majalada yake. Wiki hii ripoti ya mwaka imepita, mkuu wetu amehamishwa, mdogo wangu kajifungua salama, lakini kilichoganda kichwani ni hayo maneno, pamoja na jibu langu butu.

Kinachoniuma ni kwamba kauli ile ilishawahi kuvaa koti jeupe. J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyeongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, alidai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, akaihusisha na upungufu wa hisia za kuwajibika. Shirika la Afya Duniani likachapisha kazi yake mwaka 1953. Na alitegemea nini? Waliolazwa. Sasa mtu aliyezama kimya hapigi kelele sokoni, hivyo hapelekwi hospitali, hivyo hahesabiwi. Mwaka 1954 daktari huyohuyo aliiandikia serikali ya kikoloni kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Ukishaamua kwamba watu fulani hawawezi kuhuzunika, hasira yao nayo utaitafutia ugonjwa.

"Sisi wengine tunachoka tu." Nairudia tena.

Hapo, kusema kweli, kuna kitu. Chukua PHQ-9, dodoso la kupima sonona tunalolitumia kila siku: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 tunasema mtu aangaliwe kwa makini. Mpe mlinzi wa zamu za usiku ambaye mshahara wake umechelewa. Usingizi 3, uchovu 3, hamu ya kula 3. Ameshafika 9 kabla hujamuuliza kama ana huzuni. Anaweza kuwa mgonjwa kweli, anaweza kuwa na mwajiri mbaya, na mara nyingi ni vyote viwili. Dodoso halina mahali pa kuandika deni, kodi ya nyumba wala kipigo. Ndiyo maana ukurasa wa nyuma usiachwe mtupu: anadaiwa na nani, analala wapi, nani anamtegemea, na ana nani wa kumwambia ya moyoni. (Swali la tisa, la kutamani kufa, halisubiri jumla. Likizidi 0, weka kalamu chini uulize waziwazi kama ana mpango na njia, na usimwache peke yake.)

Watafiti George Brown na Tirril Harris waliyaona haya kwa wanawake wa Camberwell, kusini mwa London, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1978. Pigo kubwa la maisha lilimwangusha kwa urahisi zaidi asiye na wa kumweleza siri, mwenye watoto watatu au zaidi walio chini ya miaka 14 nyumbani, asiye na kazi ya nje, au aliyefiwa na mama kabla ya kufikisha miaka 11. Hakuna kidonge cha lolote kati ya hayo.

Lakini wanaotoka hapo wakadharau vidonge wananichosha vilevile. Dawa za sonona huwasaidia wengi. Kinachoharibu ni kutomwambia mtu kwamba kichefuchefu huweza kuja siku za mwanzo na nafuu ikachukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi. Anaacha kabla haijaanza kazi, kisha anasema haifai.

Kuna njia nyingine, ya kusikilizana. Harare, Zimbabwe, mwaka 2005, serikali ilibomoa makazi na vibanda vya biashara. Anna Tibaijuka, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alikadiria kwamba watu 700,000 hivi walipoteza makazi, riziki au vyote. Mwaka uliofuata Dixon Chibanda, daktari wa akili, alianza tiba ya mazungumzo Mbare, mtaa wa Harare, na bibi 14 na benchi nje ya zahanati. Bibi husikiliza, mnataja matatizo yote, mgeni anachagua moja analoweza kulishika, anapanga hatua, anarudi kueleza imekuwaje. Huharibika pale msikilizaji anapochagua yeye, au mnapoanza na lile kubwa kuliko yote. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha nafuu kubwa. Nyumba, hata hivyo, benchi haikuzirudisha, na aliyetoa amri ya kubomoa hakuwahi kujazishwa dodoso.

Nilitaka kumpelekea mama yote haya. Leo asubuhi hamu imenitoka. Alisema "sisi". Mimi nilisikia hoja, nikakimbilia kuipinga, kumbe huenda alikuwa ananiambia hali yake. Nikimkuta peke yake nitamuuliza analalaje, basi.