Siku moja Istanbul kwa watu wawili wanaotoka Nyanda za Juu Kusini

Anayetoka Mbeya, Iringa au Njombe kwenda Istanbul huwa amechoka kabla hajafika. Anashuka kwanza Dar es Salaam, kwa basi au kwa ndege ya Songwe, kisha zinafuata saa saba hivi angani. Kwa hiyo mume na mke waliopata siku moja tu ya kutembea, iwe wanaunganisha ndege au wamefuata mzigo wa nguo mtaa wa Laleli, wasianze na orodha ya majengo maarufu. Waanze na kalenda. Maeneo mengi pale yana siku ya kufungwa au saa za sala, na siku hupotea zaidi kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya umbali.

Jumanne kasri la Topkapı limefungwa. Jumapili Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa, limefungwa. Ijumaa Msikiti wa Sultan Ahmed haupokei watalii mpaka sala iishe, saa 8 na nusu mchana hivi. Mkiweza kuchagua, chagueni Jumatano au Alhamisi. Adhuhuri huingia karibu saa 7 mchana mwaka mzima, hivyo misikiti ya Sultanahmet, mtaa wa kale wenye majengo maarufu, imalizwe asubuhi.

Saa ya mkononi msiiguse. Tangu 2016 Uturuki haibadilishi tena majira, na saa yao ni sawa na yetu. Linalobadilika ni jua. Desemba linazama kama saa 11 na nusu jioni, Juni linakaa hadi saa 2 na nusu usiku. Aliyezoea jua la Mbeya, linalotua karibu muda uleule mwaka mzima, asipoliangalia hili atafika baharini gizani. Koti mnalovaa Makete mwezi wa Julai linatosha Aprili na Oktoba. Januari tafuteni la kuzuia upepo na mvua, kwa sababu baridi ya pale ina unyevu wa bahari.

Kutoka uwanja wa ndege, pandeni metro ya M11 hadi Gayrettepe, badilini mpande M2 hadi Vezneciler, kisha mtembee dakika chache hadi kituo cha tramu cha Laleli, njia ya T1 iendayo Sultanahmet. Wekeni saa moja na nusu. Mizigo iacheni uwanjani, mtafute bango la Emanet, yaani pa kuwekea mizigo, kwa maana Sultanahmet ni vilima na barabara za mawe. Kadi ya usafiri ni Istanbulkart, nayo inanunuliwa kwenye mashine za vituoni. Mashine haitoi chenji: ukiingiza noti kubwa, kinachobaki kinakuwa salio la kadi. Kila mmoja awe na yake, na sababu inakuja mbele kidogo.

Saa 3 asubuhi muwe Sultanahmet. Anzeni na Msikiti wa Sultan Ahmed, uliojengwa kuanzia 1609, wenye minara sita. Kuingia ni bure. Vaeni viatu vinavyovulika haraka, mbebe mfuko wa kuvitia. Mama awe na mtandio wake mwenyewe, baba asivae kaptula. Ng'ambo ya bustani ipo Ayasofya, iliyokamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti 1453, makumbusho miaka ya 1930, na msikiti tena 2020. Tangu Januari 2024 watalii wa nje wanalipa euro 25 kila mmoja na kupelekwa ghorofa ya juu. Chini ni kwa wanaosali. Kwa wawili hiyo ni euro 50. Ni fedha nyingi, lakini kuba lile, lenye upana wa zaidi ya mita 30, na picha za vigae vidogovidogo za karne nyingi zinastahili. Topkapı msiiunganishe siku hiyohiyo: pamoja na Harem, makazi ya familia ya sultani, inakula saa tatu, na mtatoka humo miguu haitaki tena.

Eneo hili lina ujanja wake. Mng'arisha viatu anadondosha brashi mbele yenu, mnamrudishia, anang'ang'ania kuwang'arishia viatu kama shukrani, kisha anadai fedha. Iacheni brashi ilale.

Tramu vituo viwili inawafikisha Beyazıt, mlangoni mwa Kapalıçarşı. Mle mna maelfu ya maduka, hivyo kubalianeni mlango wa kukutania kabla hamjaingia. Kuongea bei ni jambo la kawaida. Manukato na viungo msinunue hapa, vingojeeni soko la viungo huko chini.

Chakula cha mchana ndicho ninachokisisitiza kuliko vyote. Tembeeni dakika kumi hadi Msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu majengo Mimar Sinan ya miaka ya 1550. Mbele yake umejipanga mstari wa mikahawa ya kuru fasulye, yaani maharage meupe yaliyopikwa taratibu kwa nyanya, yanayoliwa na wali. Kwa mtu aliyekulia maharage ya Mbeya na mchele wa Kyela, hiki ni chakula cha nyumbani kilichopikwa na mikono mingine. Baadaye ingieni msikitini, bure pia, mkasimame uani upande wa nyuma: Haliç, ule mkono wa bahari uingiao mjini, yote iko chini yenu.

Kutoka hapo ni kuteremka tu, kupitia vichochoro vya Tahtakale, hadi soko la viungo la Mısır Çarşısı, kisha gati la Eminönü. Pandeni kivuko cha abiria cha Üsküdar saa moja na nusu kabla ya jua kuzama. Ni nauli ya kawaida ya kadi, kama robo saa majini; wanaopiga kelele gatini wanauza safari za kitalii za bei ya juu. Kaeni nje upande wa kulia, mtaiona Topkapı ikipita. Mkishuka mko Asia. Fuateni ufukwe mkono wa kulia, dakika 15 hadi 20, hadi mbele ya Kız Kulesi, mnara mdogo katikati ya maji. Kuna chai na simit, mkate wa duara wenye ufuta, na jua linazama upande wa Ulaya.

Kurudi ni Marmaray, treni iliyofunguliwa 2013 inayopita chini ya bahari: Üsküdar hadi Sirkeci dakika nne hivi. Hapa ndipo kadi mbili zinasaidia. Geti la kuingilia linakata nauli ya njia nzima, na mkitoka mnagusa mashine iliyoandikwa İade ili inayozidi irudi kwenye kadi ya kila mmoja. Wengi wanapita bila kugusa. Siku ambayo upepo wa kusini, lodos, umechafua bahari na vivuko vimesimama, tumieni Marmaray kwenda na kurudi. Ufukwe wa Üsküdar bado unafaa kuonwa, ila kaeni mbali na ukingo.