Nani alikosa ile fildigoli?

Juzi mwanangu alikuwa anaangalia kipande cha futiboli ya Kimarekani kwenye simu, akaniuliza, "Baba, huyu aliyepiga goti anaomba nini?" Nikamwambia haombi, anamshikia mwenzake mpira apige. Akaridhika, akaendelea na mambo yake. Mimi ndiye niliyebaki nayo, maana kuna goti moja la Novemba kule Iowa, Marekani, ambalo mpaka leo sijui nilisemeje.

Msimu wenyewe tuupite haraka. Ligi ya chuo chetu ilikuwa Divisheni ya Tatu, ambako hakuna anayesomeshwa bure kwa sababu ya kucheza. Kijana anapigwa vikumbo Jumamosi, Jumatatu yuko maabara ya kemia kama wenzake, na ada inadaiwa vilevile. Mazoezi yalianza Agosti kwenye joto: siku mbili za kwanza helmeti tu, mbili zinazofuata helmeti na vikinga mabega, siku ya tano ndipo wanavaa kila kitu. Kanuni hiyo iliwekwa ili mwili uzoee joto kabla ya kubebeshwa mzigo wote. Kisha mechi 10, moja kila wikendi. Sisi wa stoo ya vifaa vya timu tulifua, tukaanika, tukakaza skrubu za vizuizi vya uso, tukajaza upepo helmeti na mipira. Tukafika mechi ya mwisho tumeshinda 5 na kufungwa 4.

Na katika mechi hiyo, zikiwa zimebaki sekunde 4, tulikuwa nyuma kwa pointi 2.

Mpira uko mstari wa yadi 19, yaani yadi 19 kabla ya eneo la mwisho la wapinzani, upande wa kushoto. Fildigoli, yaani teke la kupitisha mpira katikati ya nguzo mbili za lango, ina pointi 3, kwa hiyo ikiingia tumeshinda. Umbali wake unaupata kwa kuongeza 17: yadi 10 za eneo la mwisho, kwa kuwa nguzo zimesimama nyuma yake, na yadi 7 ambazo mshikaji anarudi nyuma ya mstari. Jumla yadi 36, kama mita 33. Si mbali. Tabu ni pembe. Katika futiboli ya vyuo, mpira ukiwekwa kwenye alama za pembeni unakuwa zaidi ya mita 3 nje ya nguzo iliyo karibu, na lango lenyewe lina upana wa futi 18 na nusu tu. Mpigaji analiona kwa ubavu.

Watazamaji humwangalia mpigaji. Wanaomfanyia kazi ni wawili wengine. Wa kwanza ni sinapa, anayeinama na kuurudisha mpira kupitia katikati ya miguu yake. Sinapa mzuri hautupi tu. Anajua mpira utajizungusha mara ngapi katika zile yadi 7, na anaushika mwanzoni kwa namna ambayo ukifika, zile kamba zake za mshono zitakuwa zinaelekea langoni. Wa pili ni mshikaji, yule wa goti. Anaudaka, anaushusha hadi alama aliyoichagua, anausimamisha kwa kidole kimoja, na kama kamba zimekaa vibaya anauzungusha hapohapo. Mguu ukikutana na kamba, mpira hauendi ulikotumwa. Yote haya, toka mpira kuondoka mkononi kwa sinapa hadi kupigwa, yachukue sekunde 1.3 hivi. Ukizidisha, wale wanaokimbia kutoka pembeni wanafika na mikono juu.

Siku ile ilikuwa nyuzi 7 chini ya sifuri. Mpira uliojazwa upepo wa pauni 13 kwa inchi ya mraba ndani ya stoo yenye joto, ukishapoa nje kwa baridi hiyo unabaki na pauni kama 10 na nusu. Haujatoboka, hewa imesinyaa tu, kama tairi za gari asubuhi ya baridi. Ngozi yake inakakamaa, inateleza, vidole havipati pa kung'ata.

Vijana wakajipanga. Mpigaji akarudi hatua tatu, akatoka mbili kushoto, akatikisa kichwa kwamba yuko tayari. Kocha wa wapinzani akaomba muda wa mapumziko. Mbinu ya kawaida hiyo, kumpa mpigaji nafasi ya kuwaza. Lakini mpigaji alikuwa na jaketi, akajifunika. Mshikaji alikuwa na mfuko wa kiunoni wenye pakiti za joto, akatumbukiza mikono. Sinapa akasimama anapuliza viganja, kwa sababu havai glavu. Anasema glavu zinamharibia hesabu ya mizunguko. Na mpira, ambao refa alikuwa ameshauweka tayari, ukakaa juu ya nyasi bandia zilizoganda muda wote huo, hakuna aliyeushughulikia.

Wakarudi. Mpira ukaja polepole kidogo na chini kidogo, usawa wa ugoko. Mshikaji akaudaka vizuri, huo ni udakaji ambao hakuna aliyemsifia, akausimamisha, akakuta kamba ziko ubavuni. Akauzungusha. Mpigaji alikuwa ameshaanza kukimbia. Hatua ya mwisho akaifupisha, mguu wa kushoto ukatua nyuma ya pale unapotakiwa kutua. Mpira ukapita kushoto mwa nguzo, nafasi ya mtu mmoja kusimama.

Jumatatu tuliitazama kwenye video ya kamera ya nyuma ya lango, fremu 30 kwa sekunde. Kwa kawaida wale watatu walitumia fremu 39. Safari hii zilikuwa 46. Kocha akairudia, akairudia tena. Mmoja akasema ni sinapa. Mwingine akasema mshikaji angeuacha ulivyo, kwani kamba za ubavuni si mbaya kama zinazomtazama mpigaji. Mpigaji alisema ni yeye, lakini wapigaji wote husema hivyo. Mimi nilikuwa nauwazia ule mpira chini, ingawa nikijibana nakubali kwamba mpira uliopoa hupungukiwa umbali zaidi kuliko mwelekeo, na umbali haukuwa shida.

Kwenye karatasi ya takwimu aliandikiwa mpigaji peke yake: jaribio moja, limekosa. Sinapa na mshikaji hawana safu.

Mwaka uliofuata kocha alibadilisha mshikaji. Akamtoa kwotabeki wa akiba, yaani mrushaji mpira wa pili, akamweka yule mpigaji wa mateke ya kuokoa, anayeupiga mpira mbali timu ikishindwa kusonga mbele, kwa hoja kwamba yeye, sinapa na mpigaji wa fildigoli hukaa pamoja mazoezi yote bila kazi nyingine, ilhali kwotabeki huja dakika 10 za mwisho. Hoja nzuri, na timu nyingi hufanya hivyo. Walikosa chache zaidi msimu huo. Ila na Novemba yake haikuwa na baridi ya maana.