Spidi inaua, lakini tochi peke yake haitoshi

Ikitokea ajali ya basi nyumbani, haipiti saa moja kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa Uswidi linawaka moto. Mmoja anasema spidi ndiyo muuaji. Mwingine anamjibu kwamba Wajerumani wanakimbia kwenye autobani, zile barabara zao kuu za mwendokasi, bila kikomo na hawafi kama sisi, kwa hiyo tochi za trafiki, vile vifaa vya kupimia spidi, ni za kukusanya mapato tu. Mimi huku naendesha lori. Jambo hili ndilo kazi yangu, na limenichosha kulisikia likijadiliwa nusunusu.

Tuanze na hao Wajerumani. Autobani haina bodaboda, haina mwanafunzi anayevuka kwenda shule, na gari linalotoka upande wa pili haliwezi kukuvaa kwa sababu katikati kuna ukuta au vyuma. Wajerumani wengi wanaokufa barabarani wanafia kwenye barabara za mashambani, zile za njia moja kwenda na moja kurudi. Barabara hizo ndizo ndugu wa barabara yetu ya Chalinze–Segera. Ukitaka kulinganisha, linganisha hizo.

Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, kila sekunde linakula mita 22. Kwenye 100 linakula karibu mita 28, na hapo mguu wa dereva bado haujagusa breki. Kishindo nacho hakipandi sambamba na spidi. Kutoka 80 hadi 100 spidi imeongezeka kwa robo, lakini nguvu ya kugonga imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Mtafiti wa hapa Uswidi, Göran Nilsson, alichambua takwimu za ajali kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba wastani wa spidi barabarani ukishuka kwa asilimia 5, vifo hushuka kwa karibu asilimia 20. Anazungumzia wastani wa magari yote. Hata sisi tunaojiona waangalifu, tunaozidisha kilomita tano tu, tumo kwenye hesabu hiyo.

Sasa kamera. Huku kamera ya spidi haijifichi. Kwanza unakuta kibao cha buluu chenye picha ya kamera, kisha mbele kidogo kasha lenyewe juu ya nguzo, peupe kabisa. Ukilipita unakuta lingine, na lingine tena, maana mara nyingi yamepangwa mfululizo kwenye barabara ile ile. Mahali zilipo kamera panatangazwa wazi na mamlaka ya barabara. Faini inakwenda hazina ya serikali. Polisi hawapati hata senti, na mamlaka ya barabara vilevile. Lengo ni upunguze mwendo, basi. Ndiyo maana sijawahi kumsikia dereva mwenzangu hapa akisema ametegwa.

Nyumbani tunajua mambo yanavyokwenda. Trafiki amekaa na tochi nyuma ya mwembe, dereva wa mbele anakuwashia taa, unashuka hadi 50, unapita ukiwa mpole, halafu kilomita mbili mbele unafidia muda uliopotea. Dereva amejifunza kumwogopa trafiki, spidi yenyewe haiogopi. Tochi ya namna hiyo inatuliza kijiji kimoja kwa mchana mmoja. Hilo si dogo kwa mama anayevuka pale na ndoo, na sitaki mtu aniambie tochi ziondolewe. Lakini abiria aliye ndani ya basi bado yuko hatarini njia nzima iliyobaki.

Na niseme ukweli wote: spidi siyo kila kitu. Uswidi ilipopitisha mwaka 1997 sera yake ya kutokubali kifo chochote barabarani, watu zaidi ya 500 walikuwa wanakufa kwa mwaka. Miaka ya karibuni ni 200 na kidogo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na waya. Barabara pana za kawaida ziligawanywa kuwa njia tatu, mbili upande huu na moja upande ule, zikipokezana kila baada ya kilomita chache, na katikati ukapitishwa waya mnene wa chuma. Unalipita gari la mbele zamu yako ikifika. Nyingi zina kikomo cha 100, na bado vifo vimepungua sana, kwa kuwa kugongana uso kwa uso kumekaribia kwisha.

Kitu ninachotamani kifike nyumbani kesho asubuhi ni kile kinachombana tajiri, yaani mwenye gari. Ndani ya lori langu kuna takografu, kifaa kinachorekodi mwendo na muda wa kuendesha. Nachomeka kadi yangu na kila dakika inaandikwa. Nikiendesha kwa muda wa saa nne na nusu, lazima nipumzike dakika 45. Injini yenyewe imefungwa isivuke 90. Rekodi zikiwa na kasoro, kampuni nayo inatozwa. Tena sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza kumlipa dereva kwa umbali au kwa haraka ya kufikisha mzigo, pale malipo hayo yanapohatarisha usalama.

Mjomba wangu anaendesha basi la mkoani. Analipwa posho kwa kila safari, na tajiri hupiga simu akichelewa. Mabasi yetu tayari yana king'amuzi cha mwendo ambacho LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inakisoma, kwa hiyo spidi ya njia nzima inajulikana. Basi likizidisha, simu ya kwanza apigiwe tajiri, na faini iandikwe kwa jina lake.