Tulivyojua stegi yetu ya South B inahitaji teksi ngapi

Nafasi yangu ya stegi, yaani pale teksi zinapoegesha kungoja abiria, niliinunua mwaka 2013 kwa shilingi 80,000. Gari nilikuwa nalo tayari. Hizo pesa zilikuwa za ruhusa ya kuegesha na wenzangu, na nilizilipa kwa mzee aliyekuwa anaacha kazi arudi nyumbani kulima. Tuliandikiana kwenye daftari la stegi, wazee wawili wakashuhudia, nikalipa mkopo wa chama kwa miezi kumi na minne. Januari 2015 Uber, teksi za kuitwa kwa programu ya simu, ikaingia Nairobi, nyingine zikafuata, na kufikia 2017 hakuna ambaye angenipa hata elfu kumi kwa nafasi ile.

Naanzia hapo kwa sababu uchungu huo ndio ulionisukuma, nilipochaguliwa katibu, nitafute jibu la swali tulilokuwa tukigombana juu yake kila wiki: stegi hii inatosha magari mangapi?

Tulikuwa magari 17. Nafasi zilizochorwa rangi barabarani ni 9. Yaliyozidi yaliziba njia ya kuingia madukani, yakawa yanafungwa minyororo, na siku ukifungwa mnyororo umefanya kazi ya kulipa faini tu. Juu ya hayo, vijana wanne walitaka kuingia. Wazee wakasema tumejaa. Vijana wakajibu, "Mmejaaje, na mama zetu wakitoka alfajiri hawapati gari?" Kila mtu alikuwa na hakika, na hakuna aliyekuwa na hesabu.

Mwanzoni nilidhani kuna idadi iliyoandikwa mahali fulani. Nikakumbuka safari yangu mwenyewe: nilipeleka gari kukaguliwa Barabara ya Likoni, nikakata bima ya gari la abiria (PSV), nikapata beji na leseni, nikachora mstari wa njano wa teksi kwenye gari. Hakuna hatua hata moja niliyoulizwa mtaani kwetu tayari kuna teksi ngapi. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, huangalia gari na dereva. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa kaunti uchukuzi wa umma barabarani, trafiki na maegesho. Sasa ukitazama pale stegi, kilichokuwa kinaamua idadi yetu ni kopo la rangi ya kuchorea maegesho. Na teksi hizi za mtandao, rangi hata haizihusu. Kanuni za 2022 ziliwawekea wenye programu kikomo cha makato kwa kila safari, asilimia 18, lakini wingi wa magari haukuguswa.

Dereva wa teksi ana saa nyingi za kukaa. Nilizitumia kusoma kwenye simu jinsi miji mingine inavyoamua, na habari ya New York niliisoma mara tatu. Mwaka 1937 jiji lile liliweka kikomo, vibali vya teksi vikashuka hadi 11,787, na vikabaki hapo kwa miongo kadhaa, hadi 1996, watu waongezeke wasiongezeke. Kibali kikageuka mali ya kuuzwa na kukopewa. Kufikia 2014 kimoja kilikuwa kimepita dola milioni moja. Teksi za mtandao zilipokuja, bei iliporomoka, na waliokopa ili wanunue wakabaki na deni la kitu kisichouzika. Mwaka 2018 wako madereva waliojiua. Ni mwaka 2021, baada ya madereva kugoma kula, ndipo jiji lilipokubali kudhamini mikopo ile ili ipunguzwe hadi dola 170,000. Hilo ni deni langu la 80,000, lililokuzwa mpaka likaua watu. Siku hiyo nilifunga simu nikakaa tu, abiria wa kwanza hata sikumsikia akigonga kioo.

London wao hawana kikomo. Anayetaka teksi nyeusi anafanya mtihani wa kuzijua barabara za jiji, na unachukua miaka. Lakini nilichokuwa nakitafuta nilikipata kwenye miji mingine ya Uingereza. Sheria yao ya 1985 inasema halmashauri haiwezi kukunyima kibali cha teksi kwa sababu ya wingi, isipokuwa imeridhika kwamba hakuna mahitaji makubwa ya abiria ambayo hayatimizwi. Basi inawabidi watume watu wakae kwenye stegi na kuandika: abiria wangapi wamesubiri bila gari na kwa dakika ngapi, teksi ngapi zimesubiri bila abiria. Wanawauliza wananchi pia kama wamewahi kukata tamaa wakaondoka. Kumbe kinachohesabiwa ni kusubiri. Sisi tulikuwa tunabishana miaka yote kuhusu magari.

Nilinunua daftari la kurasa 96, nikachora safu tatu: magari yanayosubiri, watu wanaosubiri, na wanaosimama, wakatazama, kisha wakapanda boda. Hii ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu watu hao dereva hawaoni kamwe, akifika wameshaenda. Dereva kuhesabu mwenyewe haiwezekani, anavutia upande wake. Nilimwomba dada wa kibanda cha M-Pesa kinachotazama stegi, na kwa saa za usiku nikamwomba mlinzi wa maduka. Kila mmoja tulimlipa 200 kwa siku kutoka mfuko wa stegi, na hapo palizuka ugomvi. Wengine walisema nawauza, kwamba daftari likifika kaunti tutapunguzwa. Mwenyekiti wetu ndiye aliyenisimamia. Aliwaambia, "Kama hesabu itatuumiza, tuumie tukijua."

Wiki mbili. Nusu saa kwa nusu saa.

Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, gari lilikaa karibu saa tatu kabla ya kupata safari. Wazee walikuwa na haki: mchana tulijaa mno. Lakini kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na mbili alfajiri, mlinzi aliandika watu kumi, siku nyingine kumi na wanne, waliosubiri bila kuona teksi hata moja: wa kwenda uwanja wa ndege, wa kuwahi treni ya asubuhi ya Mombasa kule Syokimau, manesi wanaotoka zamu. Wengi wetu tunalala Rongai na Kayole, tunafika saa moja. Vijana nao walikuwa na haki. Ijumaa za mwisho wa mwezi, na mvua ikinyesha jioni, safu ya tatu ilijaa mpaka dada wa M-Pesa akaandika pembeni mwa ukurasa.

Mkutano ulichukua Jumapili mbili. Tulikubaliana mchana hatuzidi 17, na 9 tu ndiyo yatakaa kwenye rangi. Mengine yanangoja kwenye uwanja tuliokodi nyuma ya gereji, yanaitwa kwa simu kwa zamu. Vijana wanne waliingia kwa saa za alfajiri. Minyororo ikaisha.

Sharti gumu lilikuwa la mwisho, na mimi ndiye niliyelileta: nafasi haiuzwi tena. Anayeondoka anaiacha kwa stegi. Tulikuwa wanne tulionunua, na kwa kulikubali nilikuwa natupa 80,000 zangu kwa mkono wangu. Tuliamua kiingilio cha wapya kiwarudishie kidogo kidogo walionunua. Wawili waliridhika. Mmoja aliondoka kwa hasira na hadi leo hatusalimiani vizuri, jambo linaloniuma, maana deni lake lilikuwa jipya kuliko langu na kwa upande wake hakukosea.

Daftari nililipeleka kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti. Nilipewa dakika tatu. Sikuomba nafasi zaidi za maegesho. Niliomba kwamba kabla ya idadi yoyote ya teksi kuwekwa Nairobi, watu watumwe kukaa kwenye stegi wahesabu, na warudi kila baada ya muda, kwa sababu South B ya mwaka huu si ya mwaka ujao. Vilevile niliandika barua kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotoa siku 21 za kujibiwa, nikiuliza nafasi za teksi za wadi yetu zilipangwa kwa kufuata nini. Nakala nimeibandika ndani ya jalada la daftari.

Hesabu ya tatu inaanza Jumatatu. Wanaosubiri alfajiri wameshuka hadi watatu au wanne. Safari hii nimeongeza safu ya nne, kwa ajili ya wanaosimama mbele ya magari yetu wakiwa na simu mkononi, wakiita gari la mtandao. Dada wa M-Pesa ameomba 300, na tumempa.